Ukoo wa Mahameli

Panzi anayeruka vibaya jioni katika vichaka vya Namibia huenda akaangukia mikononi mwa halaiki. Mguu mmoja wa nyuma unanasa kwenye utando. Anarusha teke, na wa pili nao unanasa. Juu yake, kwenye tawi, kuna furushi la nyuzi za kijivu lililochanganyika na majani makavu na magamba ya wadudu walioliwa zamani. Kutoka kwenye matundu ya furushi hilo wanajitokeza buibui watatu, kisha saba, kisha kumi na zaidi. Hakuna anayetoa amri. Mmoja anang'ata ncha ya mguu, mwingine anashika kipapasio, mwingine anasubiri panzi achoke ndipo asogelee tumbo. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye peke yake angethubutu kumgusa mdudu wa ukubwa huo. Mateke yakikwisha, kundi linamkokota panzi hadi mlangoni na kuanza kumla.

Wawindaji hao ni Stegodyphus dumicola, wana wa familia ya Eresidae, wanaojulikana kama buibui wa mahameli. Sababu ya jina inaonekana mara moja chini ya lenzi: mwili mzima umevikwa nywele fupi zilizosongamana, za kijivu, nyeupe na kahawia. Kichwa ni kipana, kimeinuka na kukatika ghafla kwa mbele. Kati ya macho manane, manne yamebanana katikati ya uso na manne yametengwa mbali pembeni, hivyo buibui huyu ana sura ya mtu anayefikiria jambo zito. Urefu wa jike mzima ni takriban sentimita 1.

Katika familia hiyo, wanaopigwa picha zaidi ni ndugu zao wa Ulaya, jenasi Eresus, ambao madume yao huvaa nyekundu yenye madoa meusi. Huko Uingereza Eresus alidhaniwa ametoweka kwa zaidi ya miaka 70, mpaka alipoonekana tena mwaka 1980 katika jimbo la Dorset, na tangu hapo amelindwa kama lulu. Stegodyphus hana rangi za kujivunia. Yeye sifa yake ni tabia.

Jenasi hii ilipewa jina na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1873, na leo ina spishi zinazokaribia 20. Nyingi ni za Afrika. Nyingine zimeenea kuzunguka bahari ya Mediterania, Arabuni, na upande wa mashariki hadi India na China. Pwani ya Afrika Mashariki imo katika orodha hiyo tangu mapema: mwaka 1878 Ferdinand Karsch wa Berlin aliita mmoja wao hildebrandti, kwa heshima ya Johann Maria Hildebrandt, mkusanyaji wa mimea na wadudu aliyeishi na kusafiri Unguja na pwani, na ambaye mwaka 1877 alitoka Mombasa akapita Ukambani hadi Kitui akiwa na tamaa ya kuufikia Mlima Kenya, akalazimika kurudi njiani. Mwingine, sabulosus, alielezwa na Albert Tullgren mwaka 1910 katika matokeo ya msafara wa wanasayansi wa Sweden uliozunguka Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906. Naye dumicola alielezwa mwaka 1898 na Reginald Pocock wa London, mtu ambaye baadaye aliwaacha buibui akawa msimamizi wa bustani ya wanyama ya jiji hilo na kuandika kuhusu chui na simbamarara. Kwa miaka mingi hayo ndiyo yaliyojulikana zaidi: majina, maumbo, na chupa za spiriti kwenye makabati ya makumbusho.

Kumbe kilichokuwa muhimu hakingeweza kutiwa kwenye chupa.

Tuanze na utando wenyewe. Buibui wengi wanaotega nyuzi za duara hutegemea gundi: matone madogo yenye kunata yaliyopangwa juu ya uzi. Stegodyphus hana gundi hata tone. Mbele ya viungo vyake vya kutolea uzi kuna kibamba chenye vitundu vidogo sana, na kutoka humo hutoka nyuzi nyembamba kiasi kwamba hazionekani kwa jicho. Kwenye mguu wa nne kuna safu ya nywele ngumu, kitana halisi. Jike hukaa akikichezesha kitana hicho mbele na nyuma, akizivuta nyuzi na kuzichambua mpaka zinafura na kuwa sufi nyepesi iliyozunguka uzi mnene wa katikati. Sufi hiyo hushika kila kilicho na mwiba, kucha au unywele, na mwili wa mdudu umejaa vitu hivyo. Ni kazi ya polepole, lakini ina faida kubwa kwa anayeishi nchi kame: hakuna cha kukauka. Jua la mchana likiwaka mpaka mwamba uwe moto, mtego wa jana bado unafanya kazi.

Nchi kame ndiko kulikofanyika utafiti mwingi wa kumwelewa mama wa ukoo huu. Katika jangwa la Negev, Israeli, anaishi Stegodyphus lineatus, spishi ambayo jike wake hukaa peke yake. Hujenga kiota cha hariri kwenye kichaka, hutaga kifuko kimoja cha mayai, na kukilinda. Vitoto vinapokuwa tayari, mama ndiye anayekipasua kifuko ili vitoke. Kisha anaanza kuvilisha kwa mdomo, akitapika majimaji ambayo vinayagombania usoni pake.

Majimaji hayo yanatoka wapi? Mor Salomon na wenzake, miongoni mwao Yael Lubin wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, waliwakata majike wa hatua mbalimbali za uzazi vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, hayasomeki kwa urahisi wakati wa chakula. Utumbo wa mama huanza kuyeyuka angali amekalia mayai. Vitoto vikishatoka, kuyeyuka huko kunashika kasi: tishu zinageuka uji, uji unapanda mdomoni, tumbo linazidi kujaa maji. Moyo unabaki mzima. Ovari nazo zinabaki nzima, na hilo lina maana yake, kwani mama akipokonywa watoto mapema bado anaweza kutaga tena. Mwili unajimaliza kwa mpangilio, sehemu kwa sehemu, huku ukiacha mlango mmoja wazi mpaka dakika za mwisho.

Wiki mbili hivi baadaye hakuna tena cha kutapika. Vitoto vinampanda mama mgongoni na tumboni, vinamtoboa, vinamtia vimeng'enya vya kuyeyusha nyama, na kumfyonza. Yeye hakimbii wala hapigani, ingawa miguu bado anayo. Kwa saa mbili au tatu shughuli imekwisha, na kinachobaki ni ganda la mahameli. Ukijumlisha alichotapika na alichofyonzwa, takriban asilimia 95 ya uzito wa mama imehamia kwa wanawe.

Mwenye kusoma habari hizi kwa mara ya kwanza huwalaani watoto. Adui halisi wa mama huyu, hata hivyo, ni dume. Jutta Schneider na Lubin walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba dume wa lineatus anayechelewa, akakuta jike ameshataga kwa mbegu za mwingine, hukikata kifuko cha mayai na kukitupa nje ya kiota ili jike amkubali na kutaga upya. Jike hupigana naye. Akishinda, mayai yamepona. Akishindwa, anaanza tena msimu ukiwa umeshasonga, na katika maisha ambayo uzazi wote ni wa mara moja, kila wiki iliyopotea ni hatari: akifa kabla vitoto havijamfaidi, vitoto navyo vimekwisha.

Sasa, vitoto vya lineatus vikishammaliza mama haviachani siku hiyo. Hubaki pamoja kwa muda, vikiwinda na kula kwa pamoja, kisha kila kimoja hushika njia yake. Ni katika muda huo mfupi, kati ya kumla mama na kuagana, ndipo penye mbegu ya jamii nzima ya buibui. Inatosha kuagana kuahirishwe. Kwa spishi tatu za jenasi hii kuliahirishwa moja kwa moja: dumicola wa kusini mwa Afrika, mimosarum, ambaye Mwitaliano Pietro Pavesi alimweleza mwaka 1883 kutokana na vielelezo vya Shoa huko Ethiopia, na ambaye hupatikana pia kusini hadi Afrika Kusini na ng'ambo Madagascar, na sarasinorum wa India na Sri Lanka. Dunia ina spishi za buibui zaidi ya 50,000 zilizopewa majina, na zile zinazoishi pamoja maisha yao yote hazizidi sana 20. Tatu kati ya hizo kutoka jenasi moja ndogo si jambo la bahati.

Kula pamoja, hata hivyo, kuna fitina yake. Buibui hatafuni. Humtia windo vimeng'enya, nyama ikayeyuka, ndipo afyonze. Kumi wakilizunguka panzi mmoja, kila mmoja anatoa mate yake ghali na kila mmoja anakunywa mchuzi wa wote. Mjanja atatoa kidogo na kunywa sana. Wajanja wakizidi, panzi hayeyuki vizuri na wote wanashinda njaa. Schneider na Trine Bilde wa Chuo Kikuu cha Aarhus walilipima jambo hili kwa vitoto vya lineatus, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Walipanga makundi ya ndugu wa damu na makundi ya wasio ndugu, na kwa kubadilishana walezi wakahakikisha kwamba wengine ni ndugu ambao hawakulelewa pamoja, na wengine wamelelewa pamoja bila kuwa ndugu. Ndugu wa damu walifyonza zaidi kutoka kwa windo lile lile na wakanenepa zaidi. Kuzoeana hakukuleta tofauti hiyo. Ni udugu.

Kiota cha dumicola basi ni nyumba ya ndugu watupu: mamia ya buibui, na vile vikubwa hupita elfu moja. Si majike wote wanaotaga. Wengi hawapati dume kabisa, na hao ndio mama wadogo wa nyumba. Anja Junghanns na wenzake, katika makala ya mwaka 2017, waliwafuatilia majike hawa ambao hawajawahi kupandwa wakaona wanalinda vifuko vya mayai, wanawatapikia watoto wa dada zao, na mwishoni wanaliwa nao. Mama mzazi hutoa zaidi kuliko wao, lakini wao hawasazwi. Ndani ya mwaka mmoja kizazi kizima cha wakubwa kinaingia matumboni mwa wadogo, na kiota kinaendelea na wakaaji wapya.

Madume ni wachache mno. Katika kiota cha dumicola utampata mmoja kwa kila buibui wanane au kumi hivi, na upungufu huo hauletwi na vifo: umo tayari ndani ya mayai. Sababu inaeleweka ukiangalia kazi yenyewe. Dume atazaa na dada zake, kwa kuwa hakuna wengine karibu, na dume mmoja anatosha kwa dada wengi. Kila dume wa ziada ni mdomo usiowinda sana na usiotaga.

Hapo ndipo deni linapoanza kudaiwa. Kaka na dada wakizaana kizazi baada ya kizazi, urithi unafinyaa mpaka wakaaji wa kiota kimoja wanakaribia kuwa nakala. Mwaka 2014, kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Aarhus lilipochapisha jenomu za kwanza kabisa za buibui, mmoja wa wawili waliochaguliwa alikuwa Stegodyphus mimosarum. Chaguo lilikuwa na busara: kiumbe ambaye nakala zake mbili za urithi zinafanana humpunguzia msomaji wa jenomu kazi ngumu ya kutenganisha tofauti. Kilichokuwa udhaifu wa buibui kikawa nafuu ya maabara. Jenomu yenyewe ilikadiriwa kuwa na herufi bilioni 2.55, si mbali na ya binadamu.

Otto na Margarete Kraus wa Hamburg, katika uchambuzi wao mkubwa wa jenasi hii mwaka 1988, walikuwa wameshasema kwamba spishi tatu za kijamaa hazikutoka kwa babu mmoja mjamaa. Kila moja inafanana zaidi na jirani mpweke kuliko na wajamaa wenzake: dumicola na tentoriicola, mimosarum na africanus, sarasinorum na pacificus. Uchunguzi wa DNA wa Jes Johannesen na wenzake mwaka 2007 uliwaunga mkono. Mti wa ukoo ulionyesha jambo jingine pia. Matawi ya wajamaa ni machanga, na hakuna hata moja lililochipua spishi nyingine. Kuishi pamoja kumezuka mara tatu, na mara zote tatu, mpaka sasa, kumeishia kwenye ncha ya tawi.

Basi kwa nini wanakubali? Faida ya wazi, kwamba wengi huzaa kwa wingi, haipo. Uta Seibt na Wolfgang Wickler, waliochunguza viota vya Afrika Kusini katika miaka ya 1980, waliona kwamba kadiri kiota kinavyokua ndivyo hesabu ya kila jike inavyozorota. Jibu liko upande wa kifo. Joh Henschel alifanya kazi ndefu Namibia akilinganisha majike wa dumicola wanaoishi peke yao na wanaoishi kwa makundi, na wapweke walikufa haraka zaidi. Kati ya maadui ni sisimizi wakali wa jenasi Anoplolepis, ambao huvamia kichaka usiku au mchana na kumaliza kiota kizima. Kundi likishtuka mapema hutoka na kuchambua sufi mpya kwa haraka, likiwafungia sisimizi njia kwa nyuzi zinazonasa miguu yao. Jike mmoja hana mikono ya kutosha kwa kazi hiyo.

Wapo pia wageni wanaovumiliwa. Mwaka 1903 Lord Walsingham alieleza nondo mdogo wa Afrika Kusini, Batrachedra stegodyphobius, ambaye viwavi wake huishi ndani ya viota hivi wakila mabaki ya wadudu yaliyotupwa na wenyeji. Pocock aliandika juu ya urafiki huo mwaka huo huo. Kwa kiwavi mlaini, kuishi katikati ya mamia ya meno yenye sumu kunaonekana ni wazimu, lakini hakuna anayemgusa, na nyumba inafagiliwa bure.

Msomaji aliyewahi kukutana na Stegodyphus kwenye magazeti ya sayansi ya muongo uliopita atashangaa kwamba sura hii haijagusa hulka: buibui jasiri na buibui waoga, na jinsi wanavyogawana kazi. Kipimo kilikuwa rahisi. Buibui alipuliziwa hewa kwa kipira, kama ndege anayekaribia, akajikunyata, kisha mtafiti akahesabu sekunde mpaka asogee tena, mwisho sekunde 600. Makala nyingi za kuvutia zilijengwa juu ya kipimo hicho, zikitumia data za Jonathan Pruitt. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 mshirika wake Kate Laskowski alizipitia upya data alizokuwa amepewa, akakuta nambari zile zile, mpaka sehemu ya mia ya sekunde, zikijirudia kwa buibui tofauti kwa namna ambayo hakuna buibui angeweza kuizalisha. Aliomba makala zake mwenyewe zifutwe, ikiwemo ya mwaka 2016 katika jarida la The American Naturalist. Nyingine zilifuata, na mwaka 2022 Pruitt alijiuzulu Chuo Kikuu cha McMaster, Canada. Huenda majasiri na waoga wapo kweli katika viota hivi. Ila ushahidi ule hauwezi kuegemewa tena, na ni afadhali kuruka ukurasa kuliko kuujaza kwa mapambo.

Jambo moja lililotiliwa shaka kwa muda mrefu, kinyume chake, limethibitika. Vitoto vya buibui wengi husafiri angani kwa uzi mmoja uliobebwa na upepo, na ilidhaniwa kwamba jike mzima wa Stegodyphus, mwenye uzito wa takriban miligramu 100, ni mzito mno kwa safari hiyo. Wickler na Seibt waliripoti mwaka 1986 kwamba mimosarum wazima hupaa. Mwaka 2001 Schneider, Henschel, Lubin na mwenzao waliwaona dumicola wakifanya hivyo Namibia, na wakaeleza namna. Siku ya joto yenye upepo mwanana, jike hupanda ncha ya juu ya kichaka, akainua tumbo na kuachia nyuzi makumi kwa mamia kwa mpigo mmoja. Nyuzi zinafunguka kuwa shuka la pembetatu lenye urefu na upana wa mita moja hivi, na shuka linamnyanyua.

Wanaopaa ni majike waliokwisha kupandwa, kwa hiyo kila mmoja amebeba mbegu za kaka yake. Wengi huanguka mahali pabaya au huliwa kabla hawajataga, maana wametua wapweke, bila kundi la kuwafungia sisimizi njia. Anayefaulu atajenga mfuko wa hariri, atataga, atatapika, ataliwa. Wanawe watakuwa wamemla mama mmoja, na kwa kuwa hakuna ukoo mwingine kwenye kichaka hicho, watazaana wao kwa wao tena, wakianza kiota kipya kwa sehemu tu ya urithi ambao tangu mwanzo ulikuwa mdogo.